Mtoto wa kwanza kuchomwa chanjo na mwanafunzi wa uuguzi awe mdoli

#1 Mkufunzi wa Vitendo

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha uuguzi ngazi ya cheti na diploma, huu ni mwaka wa kumi na moja, na somo langu kubwa ni afya ya mama na mtoto. Wiki ijayo napeleka wanafunzi fildi kliniki za watoto, na kama ilivyo kila mwaka, usingizi umenipaa. Ndiyo maana nimefungua uzi huu.

Nianze na yaliyonikuta mwenyewe. Nikiwa mwaka wa pili, asubuhi yangu ya kwanza kliniki, sista wa zamu alinikabidhi sirinji ya BCG, chanjo ya kifua kikuu, akasema, "Haya, anza." Foleni ya akina mama ilikuwa imefika nje kwenye benchi, simlaumu. Lakini BCG nilikuwa nimeiona ubaoni tu. Nilijua dozi ni 0.05 ml, nilijua inakaa ndani ya ngozi na siyo chini ya ngozi, na kwenye mtihani wa kuandika nilifaulu vizuri kabisa. Mama akafunua kanga. Mtoto ana siku tatu, kabega kenyewe ni kama kidole gumba changu. Nikachoma. Kipele hakikuinuka. Nilijua palepale kwamba dawa imepita chini, maana pistoni ilishuka bila ubishi, na BCG ikikaa mahali pake mkono unasikia inakataa. Mama akaniuliza, "Tayari, mwanangu?" Nikamjibu tayari mama. Baada ya wiki kadhaa akarudi na mtoto ana jipu begani. Lilipona, ila alilitembelea mara nne kuja kusafishwa, jua kali, mtoto mgongoni. Kila alipokuja nilikuwepo.

Sikuwa mvivu wala mzembe. Nilikuwa sijafanya. Na mtu ambaye hajafanya, mara yake ya kwanza haipaswi kuwa kwenye bega la mtoto wa mtu.

Sasa, mtu akisikia "kufundisha kwa kuigiza" anafikiria mdoli wa plastiki wa bei mbaya uliofungiwa kabatini. Mimi naongelea kitu kingine: mwanafunzi aigize ziara nzima ya chanjo, toka mama anapoingia hadi anapoondoka. Kuchoma ni sekunde chache. Kabla ya hapo amempokea mama, amesoma kadi, amehesabu wiki za mtoto, ameona amekosa nini, amekagua chupa, tarehe na kiashiria cha joto, amevuta dozi, ameeleza, amempakatisha mtoto vizuri. Baada ya hapo kuna kisanduku cha usalama cha kutupia sindano, kadi, rejesta ya MTUHA (daftari la kumbukumbu za kituo), tarehe ya kurudi, na kumwambia mama homa ikija afanye nini. Makosa mengi niliyoyakuta miaka yote hii yako hapo kabla na hapo baada.

Niwaonyeshe zoezi moja la juzi. Mtoto wa wiki ya 14. Hii ndiyo ziara ngumu kuliko zote kwa mwanafunzi, kwa sababu juu ya matone ya polio kuna sindano tatu: Penta (chanjo moja inayokinga magonjwa matano), nimonia na polio ya sindano. Zote mapajani, upande wa mbele kwa nje, kamwe siyo makalioni, kwa sababu ya mshipa mkubwa wa fahamu unaopita huko. Paja moja linabeba mbili, zikiachana angalau sentimita 2.5. Mwanafunzi mmoja ni nesi, mwingine ni mama amepakata mdoli, wa tatu amekaa pembeni na orodha ya hatua. Simu iko mezani inatoa kilio cha mtoto, sauti hadi mwisho. Nimemnong'oneza "mama" kwamba asipojibiwa swali lake ainuke aondoke.

Mama akauliza, "Sindano tatu siku moja? Juzi mtoto wa jirani kachomwa moja tu, homa usiku kucha." Nesi wangu akainamia kadi, akasema, "Ndiyo utaratibu, mama." Mama akarudia swali. Nesi akaanza kuvuta dawa. Mama akasimama, akafunga kanga, akatoka mlangoni na mdoli wake.

Chumba kikanyamaza. Tukazima kile kilio, tukakaa. Mimi siku hizi sianzi na "umekosea hapa na hapa". Naanza kwa kumwuliza aliyekuwa nesi ameona nini. Akasema alikuwa anahofia kusahau ipi inakwenda paja lipi. Nikamgeukia mama. Yule binti akasema, "Niliona anaongea na kadi yangu, haongei na mimi." Sentensi hiyo moja ilifundisha kuliko slaidi zangu zote za muhula. Walirudia palepale. Safari hii nesi aliweka kadi chini, akataja kila sindano inazuia ugonjwa gani, akasema homa ndogo ni kawaida na hupita, akamwomba mama ampakate mtoto kifuani na amnyonyeshe wakati wa kuchoma. Kunyonyesha kunapunguza maumivu kweli. Akaanza na matone, akachoma bila kuvuta pistoni nyuma kutafuta damu, maana hilo kwa chanjo halihitajiki na linamwongezea mtoto maumivu.

Kuna jambo jingine ambalo fildi haiwezi kumfundisha mwanafunzi hata akikaa mwaka: mzio mkali baada ya chanjo. Unatokea takriban mara moja kwa kila dozi milioni. Nesi anaweza kustaafu bila kuuona. Lakini ukitokea ni dakika, na ni yeye peke yake zahanati. Kwenye kuigiza ninauleta mimi. Nasema, "Midomo inavimba, pumzi inakoroma, mtoto amelegea, ana kilo 6." Dawa yake ni adrenalini, na yenye nguvu ya 1:1000 ni 0.01 ml kwa kila kilo, kwa hiyo ni 0.06 ml, ndani ya msuli wa paja. Mwambie mwanafunzi avute 0.06 ml huku mikono inatetemeka ndipo utajua kama kabati la dharura lina sirinji ya 1 ml au halina. Kwetu halikuwa nayo. Tuligundua kwenye igizo.

Walimu, manesi, wanafunzi na wazazi, karibuni. Kwenu mnafanyaje?

#2 Mama wa Wawili

Mwalimu, mimi siyo wa fani, ni mzazi tu. Mwanangu wa pili alichomwa na mwanafunzi. Nilijua ni mwanafunzi kwa sare. Hakuna aliyeniuliza kama naridhia, na yule binti alikuwa na woga kuliko mimi. Nilimwonea huruma yeye na mwanangu kwa pamoja. Swali langu, ukishawafundisha kwa mdoli, ndiyo mwisho wa wanafunzi kuwagusa watoto wetu au bado wanakuja?

#3 Mkufunzi wa Vitendo

Bado wanakuja, mama yangu, siwezi kukudanganya. Mdoli hana mshtuko wa paja, haruki, wala ngozi yake haitoi joto. Lazima siku moja awe mtoto wa kweli, na nesi mzoefu amesimama begani kwake. Tofauti ni kwamba atakapofika kwa mwanao, mikono itakuwa imeshafanya mara nyingi, akili inabaki huru kumwangalia mtoto na kukuangalia wewe.

Kuhusu kuombwa ridhaa uko sahihi kabisa. Na hilo tunaliigiza pia. Mwanafunzi anasema jina lake, anasema ni mwanafunzi, anamtaja anayemsimamia, anaomba. Mama akikataa anamshukuru na kumpisha sista. Kuna wanafunzi wanaona aibu kusema "mimi ni mwanafunzi". Bora aibu hiyo waimalizie darasani.

#4 Fildi Mwaka wa Pili

Mwalimu, shikamoo. Nasoma chuo kimoja mkoani, sitakitaja. Sisi mdoli upo mmoja, na ni wa mtu mzima, wa kuzalishia. Darasa tuko zaidi ya mia. Siku ya vitendo vya sindano mwalimu anachoma mara moja mbele, sisi tunachungulia mabegani mwa wenzetu, halafu kitabu cha vitendo kinasainiwa kwamba tumefanya. Nilisainiwa BCG sijawahi kuishika. Mwezi ujao na mimi nakwenda fildi. Naogopa kweli. Nisaidie, naweza kufanya nini mwenyewe, bila chuo?

#5 Mkufunzi wa Vitendo

Marahaba mwanangu. Kwanza woga wako ni wa mtu mwenye akili, usiuonee haya.

Wadoli wetu sita hatukununua dukani. Tulimpelekea fundi cherehani kitenge na pamba, tumboni tukaweka mfuko wa mchanga hadi mdoli afike kilo sita. Shingo tuliiacha legelege makusudi, usipoishika kichwa kinadondoka. Paja ni kipande cha sponji ya godoro, ndani kijiti kikavu badala ya mfupa, juu tumevuta mpira wa glovu. Ukichoma wima digrii 90 unasikia ngozi inapasuka halafu nyama laini. Ukichoma ndani mno unagonga kijiti, na hutasahau. Kipande cha paja kinabadilishwa kikichakaa.

Kwa BCG hakuna kinachoshinda ngozi ya kuku mbichi. Nunua paja moja la kuku lenye ngozi. Nyoosha ngozi kwa kidole gumba na cha shahada, laza sirinji karibu kabisa na ngozi, tundu la ncha liangalie juu, ingiza kidogo tu mpaka tundu lote lifichwe. Sasa sukuma polepole. Ukiwa mahali sahihi mkono unasikia ukinzani na kipele cheupe kinainuka chenye vitundu vitundu kama ganda la chungwa. Pistoni ikishuka kirahisi, acha, toa, anza upya pembeni. Kuku huyo asirudi jikoni, azikwe au achomwe moto na taka za mazoezi. Chungwa linakufaa kwa kujifunza kushika sirinji na kuchoma wima, kwa BCG halikusaidii kitu.

Kuhusu sirinji zenyewe, za chanjo ni zile za kujifunga. Pistoni inavuta mara moja na kusukuma mara moja, basi. Wanafunzi wengi wanazoea sirinji za kawaida, wakifika kliniki wanavuta hewa kwanza kwa mazoea, sirinji inajifunga, wanaharibu tatu kabla ya mtoto wa kwanza. Kaombe chache za kujifunzia kwa msimamizi wa vitendo, na usichomee nyumbani mahali penye watoto. Kila uliyotumia iingie kwenye kisanduku cha usalama papo hapo, bila kurudisha kifuniko, na kisanduku kikifika robo tatu hakijazwi tena. Ukijichoma mazoezini sindano ni safi, lakini fanya kama vile ni kliniki: osha kwa maji na sabuni, toa taarifa. Mkono ujifunze hivyo tangu leo.

Lile la kusainiwa BCG usiyoishika, nenda kwa mwalimu wako kwa heshima, mwambie unaomba kuifanya mbele yake. Sijaona mwalimu anayemkatalia mwanafunzi hilo.

#6 Sista wa Zahanati

Mwalimu, nimekusoma mpaka mwisho na nakuheshimu, lakini niseme ukweli wa huku kijijini. Nawapokea wanafunzi wako, au wa wenzako, kila mwaka. Wanakuja na hatua zao kumi na mbili wamezikariri. Huku siku ya kliniki naweza kuwa na akina mama hamsini, mimi na mhudumu mmoja wa afya. Kuna wa kupima uzito, kuna wa kadi imeliwa na panya, kuna bibi kaleta mjukuu hajui tarehe ya kuzaliwa, anasema "alizaliwa wakati wa kuvuna mpunga". Mwanafunzi anaganda. Kwenye igizo lenu mama ni mmoja na ana kadi safi.

Halafu kuna ile ya chupa ya surua. Chupa ni ya dozi kumi. Ikishachanganywa na maji yake inadumu kwa muda wa saa 6 tu au hadi mwisho wa kliniki, kinachotangulia, halafu inatupwa. Anakuja mama mmoja, mtoto ana miezi 9, katembea kilomita kumi. Mwanafunzi anasema "mama rudi Alhamisi, tukipata wengi tutafungua". Ameiona mahali, amefundishwa na sisi wenyewe, nasema kwa uchungu. Alhamisi mama yuko shambani. Harudi. Mtoto anabaki hivyo hivyo mpaka surua inamfuata.

#7 Mkufunzi wa Vitendo

Sista, umenigusa penyewe. Kadi safi ni kosa langu, nalikubali. Kuanzia wiki hii kadi za mazoezi zitakuwa zilizolowa, zilizochanika, na moja haina kabisa. Na bibi wa mpunga anaingia kwenye igizo, naomba ruhusa kumtumia. Mwanafunzi ajue kukadiria umri kwa msimu, kwa meno, kwa mtoto wa jirani aliyezaliwa wakati huo, na ajue kutafuta jina kwenye rejesta namba 7 kabla hajasema "hana rekodi".

La chupa ya dozi kumi nakuunga mkono kwa moyo wote. Fungua chupa kwa mtoto mmoja. Chanjo iliyotupwa inaagizwa nyingine. Kulifundisha hili kwa maneno ni rahisi na ndiyo maana halikai. Nitaliweka hivi: mwisho wa kliniki, jua linazama, chupa iliyofunguliwa asubuhi muda umepita, ripoti ya upotevu iko mezani inasubiri kujazwa, halafu mama mmoja anaingia na mtoto wa miezi 9 amelala mgongoni. Nimwangalie mwanafunzi wangu mkono unaenda wapi. Na nafikiri tutajifunza zaidi ukija wewe kukaa nasi siku hiyo baada ya igizo, tunapojadiliana. Nauli nitatoa mfukoni kwangu.

#8 Mratibu Mstaafu wa Chanjo

Vijana, hamjambo. Nilikuwa mratibu wa chanjo wilaya miaka mingi, nimezunguka na karia za chanjo, yale makasha ya baridi ya kubebea, kwa baiskeli, kwa pikipiki, kwa mtumbwi. Mnaongea sana sindano. Mimi nawaomba mkumbuke kilichomo ndani ya sindano.

Julai 2018, kisiwa cha Savai'i, nchi ya Samoa huko Pasifiki. Watoto wawili wa mwaka mmoja walikufa muda mfupi baada ya kuchomwa chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubella. Chanjo haikuwa na kosa. Unga wa chanjo ulichanganywa na dawa ya kulegeza misuli ya chumba cha upasuaji, badala ya maji yake. Manesi wawili walifungwa miaka mitano. Serikali ikasimamisha chanjo hiyo kwa miezi mingi, na iliporudi wazazi walikuwa wameshaogopa. Mwaka 2019 surua ikaingia visiwani. Waliokufa ni 83, wengi wao watoto chini ya miaka mitano. Mwaka mmoja kabla ya Savai'i, huko Kapoeta, Sudan Kusini, watoto 15 walikufa kwenye kampeni ya chanjo ya surua. Sirinji moja ya kuchanganyia ilitumika siku zote nne na chanjo haikuwekwa kwenye baridi.

Kwa hiyo, mwalimu, kwenye meza yako ya mazoezi weka vichupa vinavyofanana. Maji ya BCG, maji ya surua-rubella, maji ya kawaida ya sindano, na kichupa kitupu cha dawa nyingine kabisa. Mwambie mwanafunzi achanganye surua huku wenzake wanamsemesha. Kila chanjo ya unga ina maji yake mwenyewe, yamekuja nayo, yamepozwa nayo. Sirinji ya kuchanganyia ni mpya kila chupa. Saa inaandikwa kwenye chupa palepale, siyo kichwani. Chupa zako zote za mazoezi zibandike karatasi nyekundu na uzifungie mbali na kliniki. Nimeona vitu vya kufundishia vikitangatanga hadi kwenye friji ya chanjo.

La pili, kuganda. Wengi wanaogopa joto tu. Penta ikiganda imekufa, na kwa macho ya haraka haionekani. Chukua chupa ya Penta iliyokwisha muda, igandishe usiku kucha, iyeyushe, tikisa pamoja na ambayo haijaganda, ziweke mezani pamoja. Ndani ya nusu saa ile iliyoganda itashusha vipande chini na maji maangavu yatabaki juu. Ile nzima inabaki na ukungu sawasawa. Mwanafunzi akiona kwa macho yake mara moja, hatapakia tena pakiti ya barafu ngumu kutoka kwenye friza moja kwa moja kwenye karia. Ataiacha nje itoke jasho, aitikise karibu na sikio, asikie maji yanacheza ndani, ndipo aipakie.

Na kile kiashiria cha joto, ule mraba ndani ya duara. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, tumia. Ukifanana na duara au ukizidi weusi, tupa. Waulize pia kwa nini kwenye BCG na surua kiko kwenye kifuniko au shingoni, kikiondoka chupa inapofunguliwa. Atakayejibu ameelewa habari ya ule muda wa saa 6.

#9 Nesi wa Pwani, Kenya

Hamjambo nyote. Mie niko upande wa Mombasa, nafuata uzi huu toka asubuhi. Jambo moja tu la kuongeza. Hapa kwetu BCG twachoma kigasha cha mkono wa kushoto, nyinyi huko mwachoma begani. Nimewahi kumpokea mama aliyehamia kutoka Tanga, mwanafunzi akatafuta kovu kigashani, akalikosa, akataka kumchoma mtoto mara ya pili. Kovu lilikuwa begani. Wekeni mtoto mgeni kwenye maigizo yenu. Mpakani hapa watoto huvuka kila siku.

#10 Mkufunzi wa Vitendo

Mzee, shikamoo. Nimechukua kalamu nikaandika yote. Penta iliyoganda nilikuwa naieleza kwa mdomo miaka kumi, sijawahi kuwaonyesha. Dada wa Mombasa, asante, mtoto wa Tanga ameingia.

Kuna mwenzetu ameniuliza pembeni kama hii si semina nyingine tu, watu wanakaa siku mbili, wanapewa vyeti, wanarudi walivyokuwa. Hofu hiyo ina msingi, na jibu lake liko hapahapa nchini. Pale Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, walifundisha wakunga kwa mdoli jinsi ya kumsaidia kichanga asiyepumua. Mafunzo ya siku moja yalifanyika 2010. Walipopimwa kwenye mdoli walikuwa wamepanda sana. Walipoangaliwa kwenye chumba cha kujifungulia, utendaji haukuwa umebadilika. Baadaye wakabadilisha njia: mdoli akawekwa palepale wodini, mazoezi mafupi ya dakika tatu hadi tano kila wiki, na marudio marefu kidogo kila mwezi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Matokeo yalichapishwa 2015.

Ile ni kupumua na hii ni chanjo, najua. Lakini mikono ni ileile ya binadamu, inasahau isiporudia. Kwa hiyo nimeacha kuweka "wiki ya vitendo" moja kwenye ratiba. Chumba kinafunguliwa kila asubuhi dakika ishirini kabla ya kipindi, mdoli yuko kwenye benchi, anayepita anafanya ziara moja na mwenzake anamwangalia. Walipokuwa fildi mwaka jana nilimpa kila kundi mdoli mmoja waende naye kwenye begi. Masista wengine walishangaa. Mmoja alinipigia simu baada ya mwezi kuomba abaki naye.

#11 Fildi Mwaka wa Pili

Mwalimu, shikamoo. Nimerudi na majibu. Niko wiki ya tatu kliniki.

Nilinunua mapaja ya kuku mara nne. Mwenzangu wa chumbani akawa ananisemesha nikichoma, kama alivyosema mzee. Mwalimu wangu nilimfuata na kitabu changu, akakaa na mimi saa nzima, kesho yake akaita darasa lote kwa makundi.

Siku ya kwanza nilijitambulisha kwa mama, nikasema ni mwanafunzi, sista yuko nami. Alinitazama kidogo, akamfunua mtoto. Nilinyoosha ngozi, nikalaza sirinji, nikasukuma. Ilikataa, kama ulivyosema. Kipele kikainuka cheupe. Nilitamani kupiga kelele, nikajizuia, nikamwambia mama ataona kidonda kidogo baada ya wiki kadhaa, asikipake kitu, kitapona na kuacha kovu.

Mtoto wa tano dawa ilivuja pembeni. Mtoto aliruka. Nilinyamaza sekunde moja nikakumbuka lile jibu lako la "tayari mama". Nikamwambia mama ukweli, nikamwita sista. Sista akatazama, akasema hatuchomi tena, akaandika, akamweleza mama dalili za kuangalia na siku ya kurudi. Mama aliuliza maswali mawili, nikamjibu nikiwa nimeiweka kadi chini.

Alirudi jana kupima uzito. Bega liko sawa. Aliniita kwa jina.